Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Enzi zetu pale Chaani, hata kutishwa kulikuwa na utaratibu wake. Wenzangu mliokula mihogo ya miaka ile ya vita mtanielewa: mahindi yalikuwa ya shida, sukari tuliisikia kwa jirani, lakini hadithi za kutisha zilikuwa tele. Mwenye ghala lake alikuwa hawe, nyanya yangu mzaa baba, aliyetoka Rabai kuja kukaa nasi baba alipopata kazi ya reli.

Katika kila hadithi ya hawe lazima mtu afe, na kila kifo kilikuwa na neno lake. Mchoyo aliyewafungia wageni mlango alitembelewa na Kifo chenyewe, kikaketi naye jamvini na kula mpaka chungu kikawa kitupu. Msichana aliyemwitikia asiyemwona kisimani hakurudi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Halafu kulikuwa na ya mama aliyekufa akaacha mtoto mdogo. Kila alfajiri jiwe la kusagia lilisikika likisaga unga wa uji wa yule mtoto, na mtu haonekani. Hiyo ilitutisha kuliko zote, na ndiyo tuliyoiomba kila mara.

Sharti lilikuwa moja. Hadithi ni baada ya chakula cha jioni. Anayesimulia mchana, mamake hufa.

Siku moja tukitoka shule nikajifanya hodari. Jua likiwa utosini, huku tukila mabibo, niliwasimulia wenzangu ile ya jiwe. Nilipofika nyumbani nikakuta wanawake wamejaa uani. Mama alikuwa mjamzito, na uchungu ulikuwa umemshika kabla ya miezi kutimia. Mtoto aliishi siku mbili. Baada ya mazishi mama akalala na homa, halii, hasemi, hataki chakula. Nilijua nimemuua ndugu yangu, na kwamba anayefuata ni mama.

Hawe alinikuta nimejikunyata nyuma ya banda la kuku, akanibana mpaka nikasema yote. Hakunichapa.

"Sharti lile tuliliweka sisi wakubwa, ili mchana mchote maji," alisema. "Hadithi haiui mtu. Njoo umsimulie mamako."

Ilikuwa saa saba mchana. Nilimsimulia ile ile ya jiwe, macho kwenye shuka nione kama bado inapanda na kushuka. Nilipomaliza, mama alikuwa mzima. Akamgeukia hawe.

"Na mtoto akitangulia yeye, huko anasagiwa na nani?"

"Nitamsagia mimi, mwanangu. Nami si wa kukaa sana."

Mama akalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kesho yake akaomba uji. Hawe alituacha kabla ya mvua za mwaka uliofuata.

Siku hizi vitukuu vyangu hutazama filamu za kutisha kwenye simu, mchana kweupe, na mama zao wazima. Watu kumi hufa kabla chai haijapoa. Nikiuliza wamekufa kwa nini, najibiwa, "Ni filamu tu, nyanya." Basi, na uji wenyewe wanaununua kwenye pakiti.

Juzi mmoja aliinua macho akaniuliza kama naogopa kufa. Nilimwambia siogopi sana. Hawe amesaga peke yake miaka mingi, na mikono yake lazima imechoka.