Waliofeli Wasimame

Jumapili iliyopita, baada ya misa hapa Kasense, mwalimu wa chuo cha ufundi alipewa nafasi ya kututangazia masomo yao. Alishika fomu mkononi.

"Vijana waliofeli kidato cha nne wasimame," alisema kwa upole. "Wasione aibu."

Hakusimama mtu. Mimi natamani sana kusomea umeme, nikainuka kidogo, lakini mama akanivuta kitenge.

"Kaa chini. Wewe hukufeli."

Ni kweli. Niliacha shule kidato cha tatu, alipougua yeye. Nikamfuata mwalimu nje, kwenye pikipiki yake.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba fomu ya umeme."

"Marahaba. Ulipata ziro?"

"Hapana. Darasani nilikuwa wa pili. Niliacha ili nimuuguze mama."

Akaniangalia kwa huruma, akarudisha fomu mkobani.

"Basi usijipoteze huku kwetu, binti. Rudi shule."

Akawasha pikipiki, akaondoka. Shuleni nafasi yangu haipo tena.

Wakubwa wa chuo, mkijiuliza kwa nini wazazi wetu wanakidharau, anzeni na anayekitangaza. Mimi ile fomu bado naitaka.