Halua ya Uani na Jibini Yenye Mhuri

Nimesoma Kurani na darasa tatu za skuli, basi. Yaliyobaki nimejifunza mbele ya sufuria la shaba, mwiko mkononi, kwanza Unguja, kisha hapa Maskati, mpaka halua ikanijengea nyumba mtaa wa Ghubra. Sikusaidiwa na mtu. Nayasema mapema ili mjue ni nani aliyeletewa jibini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, walipokuja kumposa binti yangu. Kijana alikuwa mwenzake wa kazini na walishapendana. Mie si kipofu. Asubuhi ile binti akanambia, "Baba, nakuomba. Leo tu, uzuie ulimi wako." Nikamwahidi.

Wakaja watatu: kijana, baba yake aliye mtu mpole, na ami yake, mwalimu wa chuo kikuu anayekaa Khoudh, aliyesoma Ulaya na hataki mtu asahau. Zawadi yake ilikuwa kipande cha jibini chenye mhuri mwekundu, amekipakata kama mtoto mchanga. Kule, akasema, ni sheria: jibini hii haipewi jina lake mpaka itoke bonde lile, kwa ng'ombe wa bonde lile, waliokula majani ya bonde lile. Ikitengenezwa kijiji cha pili, ni jibini tu, haina jina.

"Na ng'ombe akivuka mto?" nikauliza.

Nyuma ya mlango, binti yangu akakohoa. Nikaipokea jibini.

Halua ikaletwa, kisha kahawa. Kwetu hapa mposaji haigusi kahawa mpaka akubaliwe. Ami akakiweka kikombe chake chini, na badala ya kuposa, akaniuliza: "Nyinyi asili yenu hasa wapi? Maana mmezaliwa Zanzibar."

Swali hilo naulizwa tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Babu yangu katoka Rustaq, mji wa huku huku, lakini nikitamka neno moja la Kiarabu, watu wananigeuza nyuma kutafuta mhuri.

Kabla sijajibu, ami akachota halua kwa vidole, akafumba macho. "Hii ya Nizwa," akasema, akiutaja mji unaosifika kwa halua. "Siwezi kukosea. Maji ya Nizwa, mikono ya Nizwa. Hapa Maskati hawaiwezi."

Nilimwahidi mwanangu, najua.

"Sheikh," nikamwambia, "halua hiyo imepikwa hapo uani. Zafarani ya Iran, sukari ya kuja na meli, na mikono yangu mie, mzaliwa wa Unguja. Haya, nayo tuinyime jina?"

Nyuma ya mlango hata kikohozi hakikusikika, na hapo ndipo nilipoogopa. Ami akaitazama kahawa yake. Inapoa, midomo imemganda kwa utamu, na hawezi kuinywa mpaka mie niseme.

Kijana ndiye aliyenyoosha mkono, akachota halua tonge zima. "Mie, ami, naitaka hii hii," akasema. "Iitwe itakavyoitwa."

"Kunyweni kahawa," nikasema.

Jibini ile ilinukisha friji zima, mke wangu akaitupa. Ami naye hajabadilika. Kila Idi hupiga simu kuagiza "ile ya Nizwa." Namfungia ya uani, ikiwa moto bado, na binti yangu na mumewe ndio wanaompelekea.