Nilimwambia Bibi Kwamba Mtoto Anasoma

Nilisema uongo mmoja mfupi, na anayeubeba mpaka leo ni mtoto wa miaka saba. Mimi natembea. Nasalimiwa njiani. Nakula na kushiba. Yeye ndiye anayeadhibiwa.

Jina langu siliweki hapa. Naishi Ngagara, na huku kwetu mitaa ina namba badala ya majina, lakini habari ya mtu inatoka mtaa mmoja mpaka mwingine kabla chai yako haijapoa. Naogopa. Nimeanza kwa kusema hivyo ili msije mkaniona jasiri.

Kazi yangu ni kufundisha watoto wadogo kusoma. Si shuleni, ni nyumbani kwangu, kwenye kibaraza, jioni wakishatoka shule. Na kazi hii nilifundishwa vizuri, sina kisingizio! Mtoto humfundishi majina ya herufi, unamfundisha sauti zake. Unamwambia afunge midomo, atoe mmm. Kisha aaa. Anaziunganisha polepole, ma, na ma nyingine, mpaka ghafla anashtuka kwamba amemwita mama yake kutoka kwenye karatasi. Uso wa mtoto siku hiyo ni mtamu kuliko sikukuu.

Lakini ni kazi ya polepole, na wazazi wetu subira hawana. Mama mmoja alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza, akaniuliza mwanawe ataendelea kulia mmm kama ng'ombe mpaka lini. Kesho yake akamhamishia kwa mwalimu mwingine, ambako watoto walikuwa wanatoa ukurasa mzima kwa kichwa, kasuku watupu. Roho iliniuma. Nilikuwa na kiburi, na kiburi ndicho kilichonifikisha hapa.

Basi nikabuni njia yangu. Nikawaambia watoto: tazama mwanzo wa neno, tazama mwisho wake, katikati itajileta yenyewe. Jamani, wakaanza kukimbia! Ukurasa ambao ulikuwa unatuchukua jioni nzima sasa ulikwisha kabla sijamaliza kufuta ubao. Wazazi wakabaki midomo wazi. Wakanipa jina, Madamu Mbio, na nililipenda jina hilo, Mungu anisamehe. Siku moja gari likashuka kutoka Kiriri, kule mlimani kwa matajiri, likasimama mbele ya nyumba yangu, mama aliyevaa miwani ya jua akaniomba nimpokee binti yake. Majirani wote walitoka kuangalia. Siku hiyo sikutembea, niliogelea katika sifa.

Kati ya watoto wangu alikuwepo mmoja nitakayemwita Mwamini. Si jina lake. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwangu. Mama yake hayupo duniani. Anaishi na baba yake, ambaye ni fundi wa magari, pamoja na bibi mzaa baba. Nyumbani kwao ni Kiswahili tangu enzi za mababu, shuleni ni Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo darasani alikuwa anakaa kimya kama mgeni. Kwangu, kwa Kiswahili chake, alichanua. Alikuwa mwepesi kuliko wote, na mwepesi ndiye aliyepotea mapema zaidi.

Nilikuwa najua. Hapo ndipo pananitesa. Siku moja niliandika KIATU ubaoni, akasoma "kitu," haraka, huku anatabasamu. Ile sauti ya a aliimeza. Mwalimu anayestahili mshahara wake angemsimamisha palepale, amshike kidole, arudi naye sauti kwa sauti. Mimi nilicheka, nikamuuliza, kwani kiatu nacho si kitu? Darasa zima likacheka. Tukaendelea.

Bibi yake alikuwa ameanza kupoteza macho, ukungu umeingia. Jioni moja alikuja kwangu anashika ukuta, watoto wakiwa wamekwisha kwenda. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Madamu, mi macho yangu yamekwisha," aliniambia. "Sasa huyu mutoto ndiye ananisomea. Dawa ananisomea, kila kitu. Nakuuliza we, uniambie ukweli. Anasoma, ao anabahatisha?"

Bibi asiyejua herufi hata moja alikuwa ameona! Amemsikia mjukuu wake, na sikio lake limekataa. Ningemwambia, bibi, usimpe chupa za dawa kwanza, niachie nirudi naye nyuma. Ningepoteza nini? Jina tu.

"Anasoma, Bibi," nikamjibu. "Usiogope."

Akasema alhamdulillah. Akanitafuta bega kwa mkono wake, akaniombea dua ndefu, akashika tena ukuta akarudi kwao. Dua ile bado inaniwasha mwilini.

Haukupita muda, mtaani kukaingia ugonjwa wa kuhara na kutapika. Mabomba nayo yakawa yanakauka, maji yanakuja yanapotaka. Kila nyumba ikawa inanuka javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, mikono, vyombo, choo, kila mahali javeli. Baba yake Mwamini alinunua bidoni mbili za njano, yale madumu ya plastiki, zinazofanana kabisa. Moja aliitia maji yaliyochemshwa. Nyingine aliitia maji ya mikono, na kwa ile hofu ya kuleta ugonjwa kutoka gereji akamimina javeli bila kupima, kama mtu anayezima moto. Halafu akachukua rangi ya magari na burashi, akaandika kwa herufi kubwa, nzuri. Kwenye moja, KUNYWA. Kwenye nyingine, KUNAWA.

Alifanya sawasawa, yule baba. Sitaki mtu amguse.

Sasa nisikilizeni. Sisi huku tukiongea hatusemi kunywa. Tunasema kunwa. Maji ya kunwa, nipe ya kunwa, ndivyo Mwamini alivyosikia tangu yuko mgongoni. Chukueni basi lile neno KUNAWA, mlisome kwa njia yangu. Mwanzo, kun. Mwisho, wa. Katikati itajileta yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, na bibi alikuwa amefunga sunna. Joto lilikuwa kali siku hiyo. Adhana ya magharibi ilipoanza akamwita mjukuu wake amletee maji ya kufungulia, kisha akamwambia asome kwanza, asikosee. Mtoto akasoma! Alitii, akasoma, akajaza kikombe. Harufu hakuna aliyeishangaa, maana nyumba ilikuwa inanuka javeli wiki zile zote. Mtu aliyefunga tangu alfajiri haonji maji. Anayavuta.

Nilisikia kelele nikiwa kibarazani. Nilipofika bibi alikuwa chini, anashika koo kwa mikono miwili, na mtoto amesimama na kikombe, hajui akiweke wapi. Baba yake Mwamini akambeba bibi mpaka kwenye gari la mteja alilokuwa analitengeneza, wakaenda hospitali.

Bibi hakufa. Koo liliungua. Leo anakunywa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, na sauti haitoki tena. Inatoka pumzi tu.

Niliporuhusiwa kumwona alikuwa amerudi nyumbani. Nilibeba sukari na unga, nikaingia na maneno ya pole. Alinitambua kwa sauti. Akanigeuzia uso, akafungua mdomo, akajitahidi. Pumzi. Akajitahidi tena. Na mimi, nitasema yote maana nimekuja kutapika, katika ile dakika nilishukuru. Aliyesikia jibu langu ni yeye peke yake, na hawezi kulisema! Mtu gani anayeshukuru kitu kama hicho? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalo.

Baba yake Mwamini alinisindikiza nje. Nilitegemea anikabe. Badala yake alinishika mkono kwa heshima.

"Madamu, we ulimufundisha muzuri," alisema. "Ni huyu kichwa yake haitulii. Alikuwa anacheza, hakuangalia. Amemuua mama yangu angali muzima."

Mwamini alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Akainuka, akanishika kitenge.

"Madamu, niliangalia," akasema. "Zote mbili ziliandikwa kunwa."

Baba yake akanitazama. Unaona, akasema, bado anadanganya. Wote wawili wakawa wananingoja mimi. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nilitikisa kichwa, nikasema watoto wa siku hizi, nikaondoka. Mtoto alikuwa bado ameshika kitenge, ikabidi niubandue ule mkono.

Amepelekwa Kanyosha kwa shangazi yake. Haruhusiwi kushika chupa, haruhusiwi kumpelekea mtu maji, na watoto wa huko wameambiwa kwa nini. Nimesikia akiwekewa kitabu mbele anafunga macho. Yule mtoto aliyekuwa mwepesi kuliko wote! Nimemfanya aamini kwamba macho yake ni ya kuua, wakati macho yake yalifanya nilichoyafundisha.

Darasa nimelifunga. Nimesema naumwa. Wazazi wananiletea matunda, wananiombea nipone haraka, watoto wanabaki nyuma. Nami nikiwatazama nawaza wale waliopita kwangu kabla, ambao tayari wanasifiwa majumbani kwamba wanasoma. Wanasoma makopo. Wanasoma dawa za wadogo zao, na vichupa vya sumu ya panya vilivyowekwa karibu na chumvi. Wiki hii yule mama wa Kiriri ameniandikia kwenye simu. Anashukuru. Anasema binti yake sasa ndiye anayempimia mdogo wake dawa ya kikohozi, anasoma mwenyewe vijiko vingapi. Nimeufungua ujumbe ule asubuhi na jioni, na sijajibu. Nikijibu ukweli, atauliza nimejuaje.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wote, ili na yeye asome.

Ninyi walimu, msiogope mtoto anayelia mmm. Ninyi wazazi, msifurahie mbio. Leo mtoto akirudi shule, usimpe kitabu anachokijua. Chukua karatasi umwandikie neno ambalo halipo duniani. Mwandikie MATUJI. Kama anajua kusoma atasema matuji, atakuuliza ni kitu gani hicho, na hapo umkumbatie. Lakini akikuangalia kwa tabasamu na kukujibu "maji," usimpige wala usimcheke. Ondoa kila chupa mahali mkono wake unapofika. Kisha muulize kwa upole nani aliyemfundisha, na akitaja mwanamke wa Ngagara, wa kibarazani, mwambie kosa si lake. Mwambie Madamu ndiye aliyesema.