Simu Zilizosema Ofisi Imefungwa

Jamani, simu nilizozifunga kwa mikono yangu mwenyewe ndizo zilizomwambia mke wangu kwamba ofisi imefungwa.

Nami nilikuwa nimekaa mbele ya simu hizo hizo, nakunywa chai.

Kazi yangu ni kufunga simu za intaneti kwenye maofisi ya Uvira. Wiki ile nilifunga kumi na mbili kwa ofisi ndogo ya ambulansi: gari moja, kazi mchana tu.

Kila simu ina faili yake kwenye kompyuta kuu: namba, jina la meza, saa ya kufungua, saa ya kufunga. Simu ikiwaka, inasoma faili yake na kutii; nje ya saa hizo humwambia mpigaji kwamba ofisi imefungwa.

Kuandika faili kumi na mbili kunachosha. Mwenzangu wa Kinshasa akanitumia ya kwake, nikainakili, nikabadilisha majina na namba. Jumatatu mchana nikapiga kutoka meza hii kwenda ile. Zikalia zote. Nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Nikampa namba hata mke wangu, Bernardine, aliyekuwa nyumbani kwetu Kiringye na mimba ya miezi minane.

"Ukiumwa, piga hapa. Usihangaike kutafuta motari na pikipiki yake."

Alhamisi asubuhi nilirudi pale kumalizia karatasi zangu. Saa mbili, saa ya kufungua, ikapita, hakuna simu hata moja iliyolia. Venant, dereva wa ambulansi, akacheka.

"Leo bantu bote bako bazima!"

Nikacheka naye. Mpumbavu mimi.

Saa tatu kamili, simu zikalia zote kwa mpigo. Nikapokea ya karibu.

"Allô! Ni Eliane!" Jirani yetu wa Kiringye, analia. "Toka saa mbili tuko tunapiga! Iko inasema bureau imefungwa! Na simu yako iko haina moto, imezimika! Bernardine iko anazaa, damu iko inatoka mingi, hasemi tena!"

Nikanyakua kompyuta yangu, tukakimbilia gari.

Venant aliendesha kama mwendawazimu. Mimi nilikuwa nyuma, kompyuta magotini, natafuta kilichoziba simu kwa saa nzima. Nikafungua nakala ya zile faili.

Mstari mmoja tu. Majira ya saa: Kinshasa.

Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Uvira hata mtoto wa shule anajua. Sisi tulifungua saa mbili, simu zikaamini bado ni saa moja. Nilibadilisha kila kitu, hilo nikaliruka.

Nikaanza kupiga kelele. "Mungu, nichukue mimi! Mwache Bernardine!"

"Nyamaza, papa," Venant akasema. "Niache nione barabara."

Tulimkuta kwenye mkeka, macho yamegeuka. Tukambeba. Hospitali wakampasua palepale. Akapona, na mtoto akalia, wa kike. Nililia kuliko huyo mtoto.

Kesho yake nilimweleza Bernardine ukweli wote. Nilitegemea atanitukana. Badala yake akauliza.

"Simu zilianza siku gani?"

"Jumatatu."

"Na bale balipiga Jumanne? Na bale ba Jumatano? Nani aliendaka kubachukua?"

Wallahi, sikuwa nimewafikiria hata kidogo.

Kompyuta kuu ya ofisi huhifadhi namba zote zilizopiga bila kupokelewa. Mbali na ya Eliane, nikazikuta tisa. Nikaanza kuzipiga moja moja. Watu wanne walikuwa wamepata pikipiki. Mmoja hakupokea.

Ya sita ilipokelewa na mzee mmoja wa Nyakabere. Nikamwambia natoka ofisi ya ambulansi.

"Ah, mumefungua?" akauliza kwa upole. "Aksanti, mwana. Bibi yangu, mama ya batoto bangu, tulisha muzika jana."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Wewe unayefunga simu za watu, usijaribu meza kwa meza kisha ukaenda zako. Piga ukiwa mbali, saa ile ile ambayo mgonjwa atapiga, usikilize anachoambiwa.

Zimebaki namba tatu. Bado sijazipiga.