Vidole Viwili Vilivyogoma Harusini

Vidole vyangu viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi kwenye harusi moja ya Nyakarenzo, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza ameinuka kucheza. Kwaya yetu ilikuwa imefika kwenye sebene, pale waimbaji wanaponyamaza na gita la solo kubaki likiwachezesha watu. Nilibonyeza nyuzi nisizozisikia, kama ninayepiga gita kwa mkono wa jirani. Kidole kidogo kiliteleza, ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Nikateleza hivyo hivyo hadi mwisho. Mabaya zaidi, watu wakapiga vigelegele. Baba mmoja mwenye koti alinijia jasho likimtoka.

"Papa, ile staili mupya umeitosha wapi? Kinshasa?"

Nilitabasamu tu. Mkono nikauficha nyuma ya gita.

Mimi nilizaliwa ukimbizini. Nilikulia Bukavu, ng'ambo tu ya mto Rusizi, na huko ndiko nilikojifunza gita. Baada ya mauaji ya kimbari tulivuka na kurudi katika nchi ambayo wazazi wangu waliikumbuka na mimi niliijua kwa masimulizi. Nikapata kazi ya kuendesha kamyoneti ya wakulima wa mpunga, nikipandisha mchele kutoka bonde la Bugarama hadi mjini Cyangugu. Jumapili nilipiga gita kanisani. Ng'ambo vita vilikuwa vimeanza, na siku nyingine tulifanya mazoezi ya kwaya huku mizinga ikisikika kutoka upande wa Bukavu. Mwalimu wetu wa kwaya alichosema ni kwamba inapiga nje ya mdundo.

Ile ganzi nilijaribu kumficha mke wangu. Siri ilidumu mpaka nilipoangusha sahani ya sombe mbele ya mama yake.

"Ile mukono imeingia baridi," mama mkwe alisema, na papo hapo akaanza kutwanga pilipili ili aichanganye na samli. Kwa heshima ya mila hakuweza kumshika mkwewe mkono. Basi akakaa amegeukia ukuta, akitoa amri, na binti yake akanipaka.

"Umefika kwa kiwiko?"

"Nimefika, Maman."

"Ongeza."

Jioni hiyo nilikwenda mazoezini, nikasahau, nikajifuta jicho. Sijawahi kulia vile hata msibani. Nilipiga magoti nikitafuta maji chini ya benchi. Shemasi akasimamisha wimbo, akaanza kuomba kwa sauti, na akina mama wa sauti ya kwanza wakalia pamoja nami. Nilitamani kueleza, lakini kamasi zilikuwa zimenitangulia.

Maombi yalipokwisha, shemasi alitoa maelezo yake: vidole hivyo vinaadhibiwa kwa sababu vilipiga rumba katika baa za Bukavu.

"Vyote vitano vilipiga rumba," mwalimu wa kwaya akauliza. "Mbona vinaadhibiwa viwili tu?"

Shemasi akasema atalipeleka swali hilo kwenye maombi.

Mke wangu hakusubiri jibu. Alinipeleka hospitali, kwa maman mmoja anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alinikunja mkono, akagonga nyuma ya kiwiko kwa ncha ya kidole. Nikaruka kitini.

"Umesikia nini, Papa?"

"Umeme! Mpaka kwa kidole kidogo."

"Ni vizuri. Mushipa wa fahamu unapita hapa, unateremuka mpaka kwa bile vidole biwili. Kuna kitu kinaufinya. Ukiwa unaendesha, kiwiko unakiwekaka wapi?"

Kiwiko changu kilikaa dirishani, kioo kimeshushwa, kutoka Bugarama hadi Cyangugu, mashimo yote ya barabara yakikigongea hapo hapo. Na nilikuwa naona napendeza.

"Na kulala je?"

"Nalala vizuri sana," nilijibu.

"Anakunjaka mukono chini ya kichwa kama mutoto," mke wangu akasema, "kisha anaulalia mpaka asubuhi."

Yule maman akanizungushia taulo kwenye kiwiko, akalikaza kwa bandeji ili mkono usikunjike usingizini. Kisha akasema gita lipumzike kwanza.

"Mpaka lini?"

"Mpaka miye nikuambie."

Bandeji ilikuwa ya kulalia, lakini niliogopa kiwiko kisirudi dirishani chenyewe, nikaivaa hata kazini. Hapo ndipo nilipopandishwa cheo. Kwenye kizuizi cha barabarani pale Rwimbogo, askari kijana aliutazama mkono wangu, kisha akasimama wima.

"Pole, afande. Uliumia ng'ambo?"

"Hapana. Niliulalia."

Akamgeukia mwenzake. "Bale balipigana kweli habasemaki," alimwambia, akainua mti bila kugusa gunia hata moja.

Habari ikanitangulia. Sokoni nilipewa kiti. Kila nilipokana, heshima ilizidi. Mwishowe mzee mmoja aliyewahi kuwa askari alinishika bega na kuniuliza nilipigana katika kikosi gani.

"Kwaya," nikasema.

Alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo bandeji nikaiacha kitandani.

Lakini ile miezi bila gita haikuchekesha. Mwalimu wa kwaya aliniweka mwisho wa mstari wa besi, akaniomba nichezeshe midomo tu. Asubuhi nilisimama karibu na ukuta, nikinyoosha mkono na kuinamisha kichwa upande wa pili kama nilivyofundishwa. Nilijiuliza, vidole hivi visiporudi, watu wataniita nani? Nilivuka mto nikiwa na gita na godoro. Godoro lilikwisha zamani.

Ganzi iliondoka kama mgeni anayeaga bila kuinuka. Kidole cha pete kilianza. Kile kidogo kilirudi nusu, na nusu hiyo ndiyo ninayo hadi leo, kwa hiyo nyimbo nimezipanga upya ili kisipewe kazi nzito, na kati ya wimbo na wimbo ninapumzika bila aibu.

Yule maman aliponiruhusu, nilikaa nyumbani mchana na kushika gita. Vidole vilikuwa laini kama vya mtoto. Nilipobonyeza, uzi uliuma kidole cha pete, nikapiga kelele.

"Kuko nini?" mke wangu aliuliza kutoka jikoni.

"Kinauma!"

"Kile cha ganzi?"

"Kile kile! Kinauma sana!"

"Mungu asifiwe," alisema, akarudi kukoroga maharage.