Mama Hakuambiwa Kitu

Mwaka ule nilikuwa nafundisha wanafunzi wa ukunga hapa Butembo. Siku moja ya zoezi, mwanafunzi mmoja, mama kijana wa Beni, alikubali kuigiza mzazi. Tulimfunga tumbo la nguo chini ya kikwembe, yaani kitenge chake, akalala kitandani, na mtoto wa mpira akatoka kimya, hapumui, kama nilivyopanga.

Kijana aliyeigiza mkunga alifanya kazi safi. Alimkausha mtoto, akamsugua mgongo, akamsukumia hewa kwa mfuko wa kupumulisha mpaka nikatangaza, "Amelia!" Wenzake wakapiga makofi.

Halafu tukavuta viti, tukakaa duara kuongea juu ya yale yaliyotokea. Kijana alisema amefurahi, na alikuwa na haki. Nikamgeukia mzazi wetu, bado ana tumbo lake la nguo.

"Na wewe, ulijisikia namna gani pale kitandani?"

Akatazama mikono yake. "Madame, mi nilikuwa naona tu migongo ya batu. Hakuna mutu aliniambia kama mutoto iko muzima. Lakini najua, ni zoezi tu..." Akashika lile tumbo la nguo. "Ni vile ilinifikia wakati nilizala wa kwangu. Nilikuwa naita, batu banakimbia tu."

Nilitaka kumtuliza kwa neno lolote. Nikajizuia, nilihisi bado ana la kusema. Ni yule kijana aliyeuliza, polepole:

"Na mutoto yako, aliishi?"

"Aliishi. Iko kwa tate yake, mama yangu, kule Beu ya Beni, anavunja sahani zote."

Tukacheka, naye akacheka huku machozi yanamtiririka. Kijana peke yake hakucheka. Akasimama.

"Madame, tuanze tena."

Tukaanza tena. Mikono yake ilikwenda upesi kama mwanzo, lakini mara kwa mara aligeuza uso kwa mzazi. "Mama, mutoto hajalia bado. Tuko tunamusaidia kupumua. Niko hapa karibu." Na baadaye: "Mama, amelia. Shika mutoto yako."

Akamweka mtoto kifuani pa mzazi. Yule mama kijana akamfunika mtoto wa mpira mpaka miguu, akamwambia mwenzake, "Wasingya," ndiyo asante yetu ya Kinande.

Kundi jingine lilikuwa mlangoni, linahitaji mtoto yule kwa zoezi lao. Hakuna aliyemwomba amrudishe. Tulingoja tu.