Bakuli la Kabeji la Bi Teresa

Harufu ya kabeji inayochemka hunirudisha Crystal, mji wa ughaibuni nilikokulia, kwenye jiko letu la zamani, na hunitia haya hata kabla sijakumbuka ni haya ya nini.

Jirani yetu Bi Teresa alikuwa mwanamke mzee aliyezaliwa Ureno, akiishi peke yake. Ramadhani moja alituletea machungwa ndani ya bakuli la udongo lililofinyangwa mfano wa majani ya kabeji. Lilikuwa la kijani kibichi, liking'aa kama limemwagiwa maji sasa hivi. Mishipa ya majani uliweza kuihisi kwa kidole, na ukingoni alibandikwa konokono mdogo wa udongo. Nilikuwa na miaka tisa, na yule konokono nilimwogopa.

Mama ni mtu wa Mombasa. Kwao, kumrudishia jirani chombo kitupu ni kama kumwambia hutaki tena ujirani naye. Akalijaza mahamri, akanituma. Bi Teresa naye hakukubali kushindwa, akaleta wali wa maziwa wenye mdalasini. Mama akapeleka viazi karai. Likaenda likarudi majira yote ya baridi, na mchukuzi ni mimi, nikitembea juu ya barafu nimelikumbatia, nikiomba watoto wa basi la shule wasinione. Waliniona. Wakaniita Kabeji mpaka theluji ikayeyuka.

Kisha siku moja Bi Teresa alinikabidhi bakuli limefungwa kwa taulo safi la jikoni. Akanishika shavu, akasema nimpe mama.

Mama alifungua taulo, akapitisha kidole ndani kana kwamba chakula kimejificha kwenye mishipa ya majani.

"Tupu," alisema. "Basi tumemchosha bibi wa watu na vyakula vyetu."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba ni bakuli tu. Lakini moyoni nilishaanza kutafuta kosa: pilipili ilizidi, au nilikanyaga zulia lake na viatu vya theluji. Hata leo mtu akichelewa kujibu ujumbe wangu, huurudia kuusoma nikitafuta nilipoharibu.

Tangu hapo tukawa tunapitia mlango wa nyuma ili tusikutane naye. Haukupita muda, binti yake akaja na lori kumhamishia kwake Oakdale. Bi Teresa alisimama kwenye ngazi zake akiitazama nyumba yetu. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nyuma ya mama.

Bakuli likapandishwa juu ya kabati na halikuteremshwa tena. Niliamini mama ana kisirani nalo.

Nilipomaliza chuo nikahamia chumba changu mtaa wa Phillips, mama alinipa lile bakuli. Nilikuwa naliosha, mikono kwenye povu, ndipo nilipotambua: bakuli lilikuwa la Bi Teresa. Lilikwenda na kurudi mno hata tukasahau ni la nani. Hakuwa akiturudishia chochote. Alikuwa anahama, akatuachia.

Nikampigia mama simu, nikamweleza huku nikijikanyaga.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Lori lilipokata kona tu, nilijua."

Nikamuuliza mbona basi hakuwahi kulitia chakula miaka yote ile.

"Nilijaze, nimpelekee nani?"

Kumbe halikuwekwa kule juu kwa hasira. Liliwekwa mahali ambapo macho ya mama hayafiki. Mimi sina kabati refu; bakuli liko mezani, na kila nikikaa kula humgeuza konokono atazame ukutani.